Bei Inapobadilika Baada ya Mzigo Kutoka: Ushuru wa Bidhaa nchini India

Sheria ya ushuru wa bidhaa na chumvi iliyotungwa India mwaka 1944, enzi ya Waingereza, iliukita ushuru kwenye lango la kiwanda. Bidhaa ilitozwa kwa kuwa imetengenezwa, na thamani yake ilikuwa bei ya jumla ya taslimu siku ilipotolewa. Kwa bidhaa ndogondogo kipimo hicho kilitosha. Kwa viwanda vikubwa vilivyozuka baada ya uhuru hakikutosha, kwa sababu mikataba yao ilifungwa kwa miezi au miaka, na bei ya chuma, mafuta na vibarua haikukaa mahali pamoja. Muuzaji na mnunuzi waliweka kipengele cha kurekebisha bei. Mzigo ulitoka leo kwa bei ya muda, hesabu kamili ikaja baadaye.

Kanuni ziliandaa njia ya watu wa namna hiyo: kiwanda kiliweza kuomba kulipa ushuru kwa makadirio ya muda, kikaweka dhamana, kisha hesabu ikafungwa bei ilipojulikana. Wengi hawakuihangaikia. Walilipa kwa bei iliyokuwepo, na bei ilipopanda wakatoa ankara ya nyongeza na kulipa tofauti.

Je, bei ikishuka? Kampuni ya matairi ya MRF ilipandisha bei, kisha ikairudisha chini kwa kuitikia matakwa ya serikali, na ikadai kurudishiwa ushuru wa tofauti hiyo. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ilikataa: ushuru hukokotolewa kwa bei ya wakati bidhaa inapotoka, na punguzo la baadaye halimhusu mtoza ushuru. Ni vigumu kutomhurumia mdai huyo, maana serikali iliyotaka bei ishuke ndiyo iliyobaki na ushuru wa bei ya juu.

Kwa bei iliyopanda, mkondo ulikuwa mwingine. Kuanzia Julai 2000, thamani ya kutozwa ilikuwa bei halisi ya mauzo, na humo ziliingizwa fedha ambazo mnunuzi anawajibika kulipa wakati wa kuuza au wakati mwingine wowote. Mwaka 2001 riba, iliyokuwa ikiwafuata wadanganyifu tu, ikaenezwa kwa kila ushuru uliopungua. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Viwanda havikubisha juu ya ushuru wa tofauti, vilibisha riba. Vilihoji vipi mtu achelewe kulipa kitu ambacho hakikuwepo siku ya kulipa.

SKF India, watengenezaji wa beringi, walishindwa kwa hoja hiyo mwaka 2009. Mahakama ilisema bei mpya inarudi hadi siku mzigo ulipotoka, kwa hiyo ushuru ulikuwa pungufu tangu siku hiyo, na riba huhesabiwa kuanzia hapo. Uamuzi huo haukuwatuliza hata majaji wenyewe. Mwaka 2015 jopo lingine liliutilia shaka katika kesi ya SAIL, shirika la chuma lililoiuzia reli idara ya reli ya taifa kwa bei iliyokuja kurekebishwa kwa kurudi nyuma. Suala likapelekwa kwa majaji watatu, ambao Mei 2019 waliafiki uamuzi wa 2009. Aliyejua kuwa bei yake si ya mwisho, walisema, alikuwa na njia ya makadirio ya muda. Asiyeitumia asilalamikie riba.

Kufikia hapo sehemu kubwa ya ushuru huo ilikuwa imekwisha kuondoka. Julai 2017 India ilianzisha kodi ya bidhaa na huduma, na ushuru wa zamani ukabaki hasa kwa mafuta ya petroli na tumbaku. Kodi mpya huruhusu hati ya kuongeza deni bei inapopanda na hati ya kupunguza inaposhuka, mradi muda uliowekwa usipite. Mikataba ya kabla ya Julai 2017 ambayo bei yake ilipandishwa baadaye ilipewa siku 30 tangu marekebisho kutoa ankara ya nyongeza, na tofauti hiyo ikatozwa kodi mpya.