Nyuzi 8 za Mara, Sauti 12 za Vienna

Mpigaji wa ritungu haanzi na wimbo, anaanza na kukaza. Anaketi na chombo chake, tumbo la mti lililowambwa ngozi, anagusa uzi mmoja, anatega sikio, anauzungusha kidogo kwenye mti wa juu, anaugusa tena. Nyuzi ni 8, na hatulii mpaka zote zielewane. Ni chombo cha Wakurya wa Tarime, mkoani Mara, na hata ukishuka Serengeti, kwenye vijiji kama Nyambureti, jina lake si geni.

Wimbo ukishaanza unazunguka. Unaondoka, unarudi palepale, na mchezaji anajua mguu utue wapi.

Mwaka 1923, karibu na jiji la Vienna, mtunzi Arnold Schoenberg aliwaeleza wanafunzi wake namna ya kulivunja hilo rudio la nyumbani. Hesabu vibao vya piano vya oktava moja, kabla sauti hazijaanza kujirudia: vyeupe 7, vyeusi 5, jumla sauti 12. Mtunzi azipange zote katika safu moja, na sauti iliyokwisha kupita isubiri mpaka wenzake wote wapite. Mkubwa hakuna, mdogo hakuna. Ni jamhuri ya sauti, ila ina sheria kali kuliko ufalme iliouondoa.

Aliyeishika sheria hiyo kwa mkono mwepesi kuliko wote ni Anton Webern, mwanafunzi wa Schoenberg tangu ujana, katika simfoni aliyoimaliza mwaka 1928. Usitarajie ngurumo. Ina sehemu 2 tu, kama dakika 10 hivi, kwa klarineti 2 (moja ya sauti nzito), pembe 2, kinubi na jamii ya fidla. Safu yake ni kitendawili: sauti 6 za mwisho ni zile 6 za kwanza zikirudi kinyumenyume, zimehamishwa kimo tu. Sehemu ya pili ina kiini, mageuzi 7 na tamati. Ikunje kwenye geuzo la 4, nusu na nusu zinatazamana kama uso na kioo. Pembe inadondosha sauti moja, kinubi kinajibu, kimya. Kwangu mimi, utamu wote umo kwenye kimya hicho. Mcheza ngoma angeuliza akanyage wapi, na angekuwa na haki.

Si kila mtunzi msomi alishika njia hiyo. Mganda Justinian Tamusuza alisomea utunzi hadi Marekani. Kazi yake ya vyombo 4 vya nyuzi, iliyomo katika albamu ya kundi la Kronos Quartet ya mwaka 1992, haikuzifuata zile sauti 12. Ilisimama juu ya sauti 5 za Kiganda.