Kabla ya "probiotiki" kulikuwa na kibuyu

Bingwa wetu wa mbio akitua JKIA na medali, kuna kibuyu kinamngoja. Anapiga funda la mursik, kamera zinamulika, sisi tunashangilia. Kesho yake mtu huyo huyo aliyeshangilia anaenda supamaketi kulipia kikopo kidogo cha yogati kwa sababu kimeandikwa "probiotiki", na ukimuuliza kuhusu mursik anasema hiyo ni mambo ya ushago. Wasee, hapo ndio nina neno.

Hebu tuangalie kibuyu chenyewe. Wakalenjin walikuwa na ng'ombe, jua, na hakuna friji. Maziwa ya leo yangefika vipi wiki ijayo? Kibuyu, yaani sotet, kinasafishwa, kisha ndani kinasuguliwa mkaa wa mti kama senetwet. Ndio maana mursik ina ile rangi ya kijivu. Maziwa yanaingia, yanafunikwa, yanaachwa siku kadhaa. Bakteria wa kuchachusha wanakula sukari ya maziwa na kutoa asidi, na asidi hiyo inawabania vijidudu vingi vya kuharibu. Sukari ikipungua, hata mtu ambaye maziwa ya kawaida humvuruga tumbo anapata nafuu. Wamaasai nao wana kule naoto, Wasomali wana susa ya maziwa ya ngamia. Hata jina "mala" unaloona kwa pakiti ni maziwa lala, maziwa yaliyolazwa. Lugha yenyewe inakumbuka hata kama sisi tumesahau.

Uji pia uko na historia yake. Wimbi ni zao la kale la nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mahindi ni mgeni, yalitoka Amerika. Lakini yote mawili tuliyapitisha njia moja: unga unachanganywa na maji, unaachwa siku moja au zaidi uchachuke, ndio upikwe. Sasa tuwe wakweli: ukichemsha uji huo, bakteria wanakufa, kwa hivyo usidanganywe kwamba unameza bakteria hai. Faida yake ni nyingine. Kuchachusha kunapunguza kemikali za nafaka zinazoshikilia madini kama chuma na zinki, na mwili unayapata kwa urahisi. Shosho hakujua neno la kemia, lakini alijua uji upi unamshikilia mtoto.

Wazungu walifika kwa hii mada wakiwa wamechelewa. Élie Metchnikoff, mwanasayansi wa Taasisi ya Pasteur huko Paris aliyepata Tuzo ya Nobel 1908 kwa kazi yake ya kinga ya mwili, ndiye aliyeeneza wazo kwamba maziwa ya mgando yanasaidia utumbo na maisha marefu. Mfano wake ulikuwa Bulgaria. Kisha 1974, George Mann na Anne Spoerry, yule daktari wa ndege ambaye Kenya ilimjua kama Mama Daktari, walichapisha utafiti juu ya kikundi kidogo cha wanaume Wamaasai waliokunywa maziwa ya mgando kwa wingi. Wanaume waliongeza uzito, lakini kolestro ikashuka. Huo utafiti bado unatajwa wataalamu wakizungumzia bakteria hawa na kolestro. Unaona? Maziwa yetu yaliingia maabara kabla hayajaingia kwa tangazo la biashara.

Sasa tulipotezaje? Hakuna aliyekuja kuvunja vibuyu. Mwaka wa 1925 walowezi walianzisha KCC. Mwaka wa 1958 sheria ikaunda Bodi ya Maziwa. Hadi soko lilipofunguliwa 1992, maziwa rasmi ya mjini yalikuwa ya kiwanda. Katikati hapo, kuanzia 1979, watoto wa shule wakanywa Maziwa ya Nyayo, na wengi waliyapenda sana. Pakiti ilileta usafi, siwezi kukataa. Lakini polepole pakiti ikawa maendeleo na kibuyu kikawa ushamba. Aliyehamia Nairobi aliacha kibuyu nyumbani, na ujuzi ukabaki na wazee.

Kuna mtu atasema, "Basi turudi kwa kila kitu cha zamani." Pole pole! Maziwa mabichi yanaweza kukuletea brusela na kifua kikuu, kwa hivyo chemsha kwanza, yapoe, ndio uyalaze kwa chombo safi. Pia watafiti wamepima mursik fulani na kukuta asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani. Bonde la Ufa lina tatizo kubwa la saratani ya koo la chakula, na haijathibitishwa kwamba mursik ndiyo chanzo. Chai ya moto kupita kiasi nayo inashukiwa. Kupenda chakula chako ni pamoja na kukikagua.

Kwa maoni yangu, yogati ya dukani haina ubaya. Ubaya ni kununua jina jipya huku anayejua kazi ya zamani anazeeka bila mwanafunzi. Mti gani, mkaa kiasi gani, siku ngapi wakati wa baridi na ngapi wakati wa joto: hayo hayajaandikwa kwa lebo yoyote. Kama una nyanya anayejua, mpigie wikendi hii, uliza, na uandike. Probiotiki itakungoja kwa rafu. Yeye hatakungoja milele.