Kutoka Juha hadi Shujaa: Katuni, Jiji na Msomaji wa Bahati

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi nchini Kenya umekuwa ukipanua mipaka yake hatua kwa hatua. Mnamo Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa hoja iliyotaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe, na mahali pake iundwe idara ambayo kiini chake kingekuwa fasihi ya Kiafrika, ikiwemo fasihi simulizi. Tangu hapo ngano, methali na vitendawili vilianza kuhesabiwa kuwa mitungo inayostahili kuhakikiwa. Baadaye ilifuata fasihi pendwa. Riwaya kama Son of Woman ya Charles Mangua (1971) na After 4.30 ya David Maillu (1974), zilizobezwa na wengi zilipochapishwa, zilipata wahakiki waliozichukua kuwa ushahidi wa maisha ya mjini baada ya uhuru. Katuni, kwa upande wake, haijapewa nafasi inayolingana na wingi wa wasomaji wake. Huangaliwa kwa nadra, tena mara nyingi kama kielelezo cha siasa au cha matumizi ya lugha, si kama utungo wenye wahusika, usimulizi na historia yake.

Makala haya yanachunguza sehemu ya historia hiyo kuanzia miaka ya 1950 hadi kipindi kilichofuata 2010. Hoja inayotetewa ni kwamba kila njia ya kumfikishia msomaji katuni ilipobadilika, lugha yake nayo ilibadilika, na pamoja na lugha yakabadilika yale ambayo katuni ilimtaka msomaji ayafanye. Ili hoja hiyo isibaki hewani, msomaji anayetumiwa kuwa kipimo ni yule wa Bahati, eneo la wakulima lililo kaskazini mashariki mwa Nakuru, kwenye barabara iendayo Nyahururu.

Ifahamike kwamba Kenya ina Bahati mbili. Ya kwanza ni mtaa wa Nairobi, upande wa Eastlands, uliojengwa enzi ya ukoloni kwa ajili ya makazi ya Waafrika. Ya pili ni hiyo ya Nakuru, ambako ardhi iliyokuwa ya walowezi ilikuja kugawiwa na kununuliwa na wakulima wadogo. Mitaa ya Eastlands ndiyo inayotajwa kila mara kuwa chimbuko la Sheng. Bahati ya Nakuru, kwa upande mwingine, ni mahali ambapo maneno ya Nairobi hufika yakiwa yamesafiri, kwa gazeti, kwa matatu, kwa redio na kwa simu. Umbali uliopo kati ya Bahati hizi mbili ndio unaofaa kupima madai ya katuni yoyote inayodai kuwa ya vijana wote wa Kenya.

Juha na sungura

Edward Gitau alianza kumchora Juha Kalulu katika miaka ya 1950, na kwa zaidi ya nusu karne mhusika huyo aliendelea kuonekana, hasa katika magazeti ya Taifa. Mhusika wa kubuni aliyedumu muda mrefu hivyo katika Kiswahili si jambo la kupuuzwa. Wapo wananchi waliozaliwa wakamkuta Juha gazetini, wakasoma, wakaoa au kuolewa, wakazeeka, naye akingali pale pale.

Jina lenyewe linahitaji kuangaliwa. Juha katika Kiswahili ni mjinga, lakini neno hilo limetoka katika visa vya Kiarabu ambamo Juha ni mjinga ambaye ujinga wake huwafichua wajanja. Visa vya aina hiyo vilienea Afrika Mashariki pia kwa jina la Abunuwasi. Kalulu, kwa upande wake, ni sungura katika Kinyanja na Kibemba, yule mnyama mdogo anayewashinda wakubwa kwa hila. Basi jina la mhusika huyu limeunganisha mapokeo mawili: lile la pwani lililopokea visa kutoka Uarabuni, na lile la bara lenye ngano za wanyama. Msomaji hakuhitaji kuelezwa lolote kati ya hayo ili acheke. Hata hivyo, mhakiki anayesema kwamba katuni ni sanaa ya kigeni iliyopandikizwa gazetini hana budi kueleza kwa nini katuni ya Kiswahili iliyodumu zaidi nchini Kenya imejengwa juu ya mjinga na sungura.

Si Kenya pekee iliyoelekea huko. Nchini Tanzania, Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na Ndumilakuwili wa Philip Ndunguru katika jarida la Sani, ni wahusika wa ukoo mmoja na Juha. Jina la Ndumilakuwili linatokana na nyoka anayesemekana kuuma mbele na nyuma, na msomaji analielewa kabla hajasoma fremu ya kwanza. Katika mifano yote hii, kazi ya kumjenga mhusika inaanza katika lugha, mchoro ukafuata.

Lugha ya Juha ilikuwa Kiswahili cha gazeti, yaani Kiswahili sanifu kilichofupishwa kikatosha katika fremu chache. Sababu yake ni ya kibiashara kama ilivyo ya kisanaa. Gazeti lililochapishwa Nairobi lilipaswa kueleweka Mombasa, Kisumu na Nakuru. Kwa eneo la Nakuru jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa huko wanaishi kwa ujirani wasemaji wa Kikuyu, Kikalenjin, Kiluo, Kiluhya, Kigusii na lugha nyinginezo. Gazeti la Kiswahili lilipofika dukani, nakala moja ilipita mikononi mwa wengi kabla ya kuishia kufungia bidhaa. Msomaji wa Bahati alisoma lugha ambayo haikuwa ya jirani yeyote, na kwa sababu hiyo ilikuwa ya wote. Tena hakudaiwa chochote. Alicheka, akakunja gazeti, akaenda zake.

Jiji lililozungumza Kiingereza

Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe jijini Nairobi. Ng'weno alikuwa amewahi kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation, na mhusika Joe alikwisha kuonekana katika safu yake gazetini humo. Joe ni mwananchi wa kawaida wa jiji: ana kazi isiyotosha, ana marafiki wa baa, na huyatazama makuu ya wakubwa kwa jicho la kejeli. Jarida liliunganisha hadithi fupi, michoro na utani, na liliendelea kutoka hadi 1979.

Umuhimu wa Joe katika historia ya utamaduni wa mjini hauna ubishi. Lilichukulia kwamba maisha ya mfanyakazi wa Nairobi yanastahili sanaa yake, na lilifanya hivyo wakati ambapo kuikejeli serikali waziwazi kulikuwa na hatari. Lakini lilikuwa jarida la Kiingereza, hata kama Kiingereza hicho kilichanganywa na msamiati wa mitaani. Ilhali Rais Jomo Kenyatta aliagiza mwaka 1974 kwamba Kiswahili kitumike Bungeni, kicheko kuhusu jiji kiliendelea kuandikwa katika lugha ambayo ufunguo wake ulikuwa miaka mingi ya shule. Msomaji wa Bahati asiyekuwa na miaka hiyo alibaki na Juha.

Hapa ndipo mgawanyo uliodumu kwa muda mrefu unapoonekana. Kiswahili kilipewa mjinga, na Kiingereza kikapewa mtu wa mjini mwenye maoni. Mgawanyo huo haukutangazwa na yeyote, na labda haukukusudiwa. Ulitokana na soko, kwa kuwa waliokuwa na fedha za kununua jarida ndio waliokuwa na Kiingereza. Pamoja na hayo, athari yake katika fikira ni kubwa. Msomaji anayekutana na jiji katika lugha asiyoimiliki hujifunza kwamba jiji ni la wengine.

Shujaa katika kibanda cha M-Pesa

Mabadiliko mawili yalivuruga mgawanyo huo. La kwanza ni la elimu. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Kizazi kizima kiliandika insha za Kiswahili, na wakati huohuo kikaendelea kuzungumza Sheng nje ya darasa. La pili ni la teknolojia. Safaricom ilianzisha huduma ya M-Pesa mnamo Machi 2007, na baada ya muda mfupi vibanda vya mawakala wake vikaenea hadi vijijini. Mahali ambapo hapakuwa na duka la vitabu wala maktaba, palikuwa sasa na kibanda ambacho vijana walikiendea kutuma na kupokea fedha.

Jarida la Shujaaz, lililoanza Februari 2010 chini ya kampuni ya Well Told Story iliyoasisiwa na Rob Burnet, lilitumia njia hiyo. Lilitolewa bure, mamia ya maelfu ya nakala kwa toleo, sehemu yake ikiwekwa ndani ya gazeti la Nation na sehemu ikigawiwa kupitia vibanda vya M-Pesa. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana aliyemaliza shule akakosa kazi, akaunda kituo cha redio chumbani mwake na kurusha matangazo kwa siri. Katuni iliandamana na vipindi halisi vya redio, na mwaka 2012 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Lugha yake ilikuwa Sheng.

Jina la jarida, kama lile la Juha, linajieleza. Juha na shujaa ni nomino za ngeli moja: wingi wake ni majuha na mashujaa. Waandishi wa jarida waliuacha wingi wa Kiswahili wakachukua ule wa Kiingereza, wakauandika kwa herufi z. Kwa hiyo neno hilo lina mzizi wa Kiswahili uliopokewa kutoka Kiarabu, kiambishi cha Kiingereza na tahajia ya mtaani. Mgawanyo wa zamani, wa Kiswahili cha mjinga na Kiingereza cha mjuzi, umevunjwa ndani ya neno moja. Kijana asiye na kazi sasa ndiye anayelisimulia jiji, na analisimulia kwa lugha yake.

Ushindi huo, hata hivyo, una gharama zake. Shujaaz lilikuwa bure kwa sababu wengine walililipia, yakiwemo mashirika ya maendeleo, na aliyelipia alitarajia msomaji abadilike: alime kwa njia bora, aweke akiba, ashiriki uchaguzi kwa amani. Haya hayakuwa mambo ya mzaha kwa eneo la Nakuru, ambalo mapema mwaka 2008 lilishuhudia mauaji na watu kukimbilia kambi katika uwanja wa maonyesho wa mji huo. Lakini kifasihi tofauti ni kubwa. Juha alikuwa na haki ya kushindwa, na msomaji alikuwa na haki ya kucheka bila kufunzwa. Shujaa hana budi kufaulu, kwa sababu kufaulu kwake ndiko ujumbe wenyewe.

Mfano mmoja unatosha. Jarida hilo liliwaeleza vijana mbinu ya kuwapaka vifaranga rangi ya zambarau ili mwewe asiwatambue kuwa ni windo. Kwa mkulima wa Bahati hilo ni shauri la maana. Kwa mhakiki ni zaidi ya hapo, maana ngano ya kuku na mwewe inajulikana kotekote Afrika Mashariki: kuku aliazima kifaa cha mwewe, akakipoteza, na hadi leo anachakura ardhi akikitafuta huku mwewe akijilipa kwa vifaranga. Ngano hueleza kwa nini uadui huo upo. Katuni haina haja ya kueleza chanzo chake, bali inatoa dawa. Mwendo wa historia yote iliyojadiliwa hapa unaonekana katika vifaranga hao, yaani kutoka katika hadithi inayomfafanulia msomaji ulimwengu hadi katika hadithi inayomwelekeza la kufanya.

Suala la lugha nalo halijaisha. Watetezi wa Sheng husema kwamba si ya Nairobi peke yake tena, kwamba matatu na muziki vimeieneza, na kwamba Nakuru, uliotawazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, una maneno yake. Hoja hiyo ni ya kweli kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo Sheng hubadilika upesi, na kilichochapishwa kwa mamia ya maelfu ya nakala hugandisha sura moja ya lugha hiyo kama ndiyo kipimo. Kijana wa Bahati ya Nakuru alipewa shujaa aliyefanana naye kwa umri na kwa ukosefu wa kazi, lakini mwenye ulimi wa Bahati nyingine. Mama yake, aliyemwelewa Juha bila mkalimani, hakualikwa.

Hitimisho

Historia hii haithibitishi kwamba katuni ya zamani ilikuwa bora, wala kwamba Sheng imeiharibu. Inathibitisha kwamba gazeti la kununuliwa lilihitaji lugha ya wote na likaridhika na kicheko. Jarida la mjini lilihitaji wenye fedha na likaandika kwa lugha yao. Nalo jarida la bure lilihitaji vijana na mabadiliko ya mwenendo, likachagua lugha na shujaa wa kuyaleta. Mhakiki anayesoma maneno ya katuni bila kuuliza ilifikaje mkononi mwa msomaji, na nani aliyeilipia, atakosa nusu ya maana yake.

Kazi iliyobaki ni ya haraka. Riwaya hubaki rafuni. Ukurasa wa katuni hufungia nyama, na jarida la bure halihifadhiwi hata na aliyelipenda. Idara za Kiswahili na za fasihi zinaweza kuanza na lililo karibu: kuwatuma wanafunzi wa uzamili kukusanya nakala zilizosalia majumbani, madukani na katika vinyozi vya maeneo kama Bahati, na kurekodi kumbukumbu za wasomaji wa Juha wangali hai. Bila ushahidi huo, mjadala kuhusu Juha na Shujaaz utaendelea kuegemea kumbukumbu za waliokuwa Nairobi, na Bahati ya Nakuru itatajwa tu kama mahali ambapo magazeti yalifika yakiwa yamechelewa.