Nati, mabavu na betri: kutoka gereji bubu hadi uani kwetu Tegeta

Wadau, kuna mashine moja imekuwa gumzo huku kwetu Tegeta. Inafanana na bastola, inatumia betri ya kuchaji, ukiibonyeza inatoa mlio wa trrrrrr, na nati ya tairi iliyokuwa imegoma inachomoka kama kizibo cha soda. Mimi nitaiita impakti. Zamani ulikuwa unaiona kwa watu wa tairi tu, imefungwa kwenye mpira mrefu wa upepo. Siku hizi kijana mwenye IST anaitupia kwenye buti pamoja na jeki.

Swali ninaloulizwa ni moja: ninunue ipi? Nitafika huko, msiwe na haraka. Ila kwanza tujiulize kitu ambacho wauzaji hawakiulizi. Kwa nini nati ya kigari kidogo imekuwa ngumu kiasi cha kuhitaji mashine? Baba zetu walibadili tairi za Peugeot 404 na Land Rover kwa wili spana na guu moja, tena wakiwa wamevaa suti.

Jibu lipo kwenye historia.

Turudi miaka ya 1970. Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ikapaa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwishoni mwa 1978 tukaingia vitani na Idi Amin, na vita ile ikakomba akiba ya fedha za kigeni. Waliokuwepo wanakumbuka hata marufuku ya kuendesha magari binafsi Jumapili alasiri ili kubana mafuta. Spea ikawa bidhaa ya kutafuta kwa tochi. Shirika la UDA, lililoundwa mwaka 1974, likawa na mabasi yasiyoweza kutembea kwa kukosa vipuri, na mwaka 1983 serikali ikalegeza kamba, mabasi ya watu binafsi yakaruhusiwa. Daladala hizo.

Katika shida ile, mfalme wa mji alikuwa fundi wa mtaani. Gereji yake ilikuwa chini ya mwembe, haina kibao wala leseni, ndiyo maana ikaitwa gereji bubu. Mwanahistoria Joshua Grace amezipa gereji hizi nafasi kubwa katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, na nadhani ametutendea haki. Sisi wenyewe tumezoea kuwaona mafundi wale kama watu wa kubahatisha. Kumbe ndio walioliweka taifa barabarani wakati fedha za kuagiza spea hazikuwepo.

Sasa angalia zana zao: spana chache, nyundo, na kipande cha bomba la maji cha kuchomeka kwenye mpini ili kuongeza urefu. Nati ilifungwa kwa uzito wa mwili, na kipimo kilikuwa mkono wa fundi. Kijana wa kujifunza alipigwa konzi mpaka mkono wake ukajua ni wapi pa kuishia. Haikuwa sayansi ya maabara, lakini ilikuwa na usawa fulani: kilichofungwa na binadamu, binadamu mwingine aliweza kukifungua. (Mradi awe na kilo za kutosha. Dada zetu wengi waliambiwa kazi ya tairi si yao kwa sababu hiyo tu.)

Wakati huo Wamarekani walikuwa na dawa ya mabavu muda mrefu. Miaka ya 1930 Robert Pott wa Evansville, jimbo la Indiana, alibuni mashine ya kufungulia nati kwa mapigo, na kampuni ya Ingersoll-Rand ikaichukua na kuiingiza viwandani. Ujanja wake ni wa kihunzi kabisa. Ndani mna kipande kizito kinachozunguka kama nyundo, na kingine kama fuawe kilichoshikana na soketi. Nyundo inazunguka, inapata kasi, inaigonga fuawe, inaachia, inagonga tena, mara nyingi sana kwa sekunde. Nati inapigwa badala ya kusukumwa, kwa hiyo mkono wako hausokotwi hata kama nguvu ni kubwa. Mtu wa kilo 50 anaweza kufanya kazi ya baunsa.

Mashine zile zilikula upepo, na upepo unataka kompresa, na kompresa inataka umeme au injini yake. Fundi wa chini ya mwembe angezitoa wapi? Mambo yalibadilika baada ya biashara ya nje kufunguliwa mwaka 1984 na zama za ruksa za Mzee Mwinyi kuanza mwaka uliofuata. Magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika, na kadiri yalivyoongezeka ndivyo watu wa tairi walivyoongezeka barabarani. Ukitoka Mwenge kwa Barabara ya Bagamoyo hadi hapa kwetu, hukosi mlio wa kompresa. Sisi tuna sababu ya ziada: malori ya saruji ya kiwanda cha Wazo Hill, kinachozalisha tangu 1966. Nati za malori namna hiyo zinafungwa kwa nguvu inayoweza kufika Nm 600, na huko mashine ya upepo ni lazima, si anasa.

Hapo ndipo usawa ulipovunjika. Mashine inayoshinda nati ya lori inaletwa kwenye Vitz. Kijana ana foleni ya wateja watano, anabonyeza hadi iseme trr-trr-trr ya mwisho, anakupiga begani, "tayari bosi". Nati za Toyota nyingi ndogo zinatakiwa Nm 103, basi. Chukua wili spana ya sentimeta 30 inayokuja na gari: kuifungua nati hiyo unahitaji msukumo wa kama kilo 35 mwishoni mwa mpini. Unaweza. Lakini ikiwa imekazwa hadi Nm 300, unahitaji zaidi ya kilo 100. Mtu wa kilo 55 anaweza kupanda juu ya mpini na kurukaruka, na nati itamwangalia tu.

Fikiria ni saa nne usiku, uko kati ya Boko na Bunju, tairi limeisha upepo, una watoto ndani, una tairi la akiba, una jeki, una spana, na huwezi kufanya lolote. Hilo ndilo linalonifanya niichukulie impakti ya betri kwa uzito. Inakuja kutibu ugonjwa ulioletwa na kaka yake mkubwa wa upepo.

Betri nayo ina safari yake. Black & Decker walitoa drili ya betri mwaka 1961, na katikati ya muongo huo wakatengeneza zana ya kufungia nati kwa ajili ya safari za anga za Gemini. Huko juu ukizungusha spana ya kawaida, nati inabaki na wewe ndiye unayezunguka! Lakini betri za nikeli na kadimiamu za miaka ile zilikuwa nzito na hazikukaa na chaji. Sony walileta betri ya lithiamu sokoni mwaka 1991, mwaka 2005 Milwaukee wakaiingiza kwenye zana zao za volti 28, na kazi ile ya awali ikawapa Goodenough, Whittingham na Yoshino Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Betri ya simu yako na ya impakti ni ndugu wa damu.

Na kwa Tegeta hili lina utamu wake. Tulikuwa na mtambo wa IPTL uliozaa sakata la Escrow lililotikisa Bunge mwaka 2014, na bado tulijua giza kama wengine. Kifaa kinachofanya kazi umeme ukikatika, sisi tunakielewa haraka.

Haya, ununuzi. Kwa gari dogo la nyumbani chukua yenye kichwa cha nusu inchi na nguvu ya kufungulia ya Nm 300 hadi 500. Hizo za Nm 1,000 na zaidi ni nzito, na unalipia nguvu ambayo nati yako haitaiomba kamwe. Volti 18 na volti 20 zisikuchanganye: ni seli tano zilezile, mmoja anahesabu wastani, mwingine kilele. Na ukikuta imeandikwa 88V au 128V kwa herufi kubwa huku betri ni ndogo kama kipande cha sabuni, geuza chaja usome. Mara nyingi utakuta 21V. Ni seli tano tena, zimevaa suti ya kuazima.

Soketi zinunuliwe zile nyeusi za impakti, namba 21 kwa Toyota nyingi. Zile za kung'aa hazikutengenezwa kwa mapigo, zinaweza kupasuka na kipande kikaruka usoni. Betri isikae kwenye buti la gari lililoanikwa juani siku nzima, maana joto linaiua. Itie ndani ya nyumba, uibebe ukisafiri. Na wenye shangazi Marekani, angalieni sana: chaja za kule nyingi ni za volti 120 tu. Ukiichomeka kwenye 230 yetu utasikia harufu kabla hujaona moshi.

La mwisho ndilo ninalobishana nalo na marafiki kila Jumamosi. Impakti ni ya kufungulia. Wakati wa kufunga, anza nati kwa vidole, zisogeze kwa mkono, kaza kwa mkingamo, kisha malizia kwa spana yenye kipimo iliyowekwa Nm 103. Ukikaza kwa impakti umejirudisha kwa yule kijana mwenye foleni, na safari hii unaweza kunyofoa stadi yenyewe. Ukiwa na fedha ya kifaa kimoja tu mwezi huu, nunua spana yenye kipimo kwanza. Kila ukitoka kwa mtu wa tairi, legeza nati moja moja ukifika nyumbani, uzikaze upya kwa kipimo, urudie tena baada ya kilomita mia hivi. Wili spana yako ya zamani itaanza kufanya kazi.