Ng'ombe, Reli na Mto: Tarehe ya Kiwanda cha Athi River

Anayetoka Nairobi kwenda Kajiado huiacha barabara ya Mombasa pale Athi River na kushika ya Namanga. Muda si mrefu yuko Kitengela, katikati ya maduka ya mabati na saruji, magorofa ya kupangisha na mabango ya ploti. Wachache hugeuka kutazama walikotoka, upande wa mto, kiliko kiwanda ambacho kwa miaka mingi kilimpa mfugaji wa Kajiado sababu ya kufika huku. Ni cha Kenya Meat Commission, ambayo kila mtu huiita KMC. Kilizimwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikakaa kimya zaidi ya muongo mmoja, kikafunguliwa tena mwaka 2006. Katika miaka ile ya kimya, kijana aliyezaliwa Kitengela angeweza kukua bila kujua kilijengwa na nani wala kwa nini kiliwekwa hapo.

Jibu la swali la pili ni rahisi kulipata kwa kutazama tu mahali penyewe. Kiwanda cha nyama kinataka maji mengi ya kuchemshia na kuoshea, kinataka njia ya kupeleka mali bandarini, na kinataka mifugo. Maji yalikuwepo: mto Mbagathi, unaopita kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ndio unaoendelea kwa jina la Athi na hatimaye kumwagika baharini karibu na Malindi ukiitwa Sabaki. Reli nayo ilikuwepo. Ile ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, ikavuka tambarare za Athi na kufika Nairobi mwezi Mei 1899. Mwaka 1911 likaanza kujengwa tawi la kutoka Konza kupitia Kajiado hadi Magadi, kwa ajili ya kusafirisha magadi.

Mifugo ilifikaje? Hapo hadithi inakuwa chungu. Kwa mkataba wa 1904, uliowekwa na serikali ya Kiingereza na viongozi wa Kimaasai, Olonana akiwa mkubwa wao, Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, na wale wa Laikipia pia wakaamriwa kuhama. Walikwenda mahakamani, katika kesi inayojulikana kwa jina la Ole Njogo, na mwaka 1913 wakashindwa. Eneo la hifadhi la kusini, ambalo Kajiado ni sehemu yake, likajaa watu na ng'ombe waliosukumwa kutoka kwenye malisho bora.

Kisha ng'ombe hao wakafungiwa. Kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata hifadhi ya Wamaasai iliwekwa chini ya karantini, leo kwa sababu ya sotoka, kesho kwa sababu ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Magonjwa yalikuwepo kweli. Lakini karantini iliwafaa pia walowezi, ambao hawakutaka ng'ombe wa bei nafuu wa wafugaji washindane na wao katika soko la Nairobi. Mtu akawa na utajiri unaotembea kwa miguu minne, na njia ya kuupeleka sokoni imezibwa. Bila kulijua hilo, huwezi kuelewa kwa nini wafugaji hawakukimbilia mlango wa kiwanda ulipofunguliwa.

Iliyoufungua ilikuwa kampuni ya Liebig. Kampuni hiyo iliundwa London mwaka 1865 kwa kutumia ugunduzi wa mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig: rojo zito la nyama iliyochemshwa mpaka maji yakakauka na kubaki ladha. Kazi yenyewe ilikula ng'ombe kwa wingi wa ajabu, maana kilo moja ya rojo ilihitaji kilo 30 hivi za nyama. Ndiyo sababu Liebig haikutafuta ng'ombe wanono. Ilitafuta ng'ombe wengi wa bei ya chini, hata wazee na waliokonda. Iliwapata Uruguay, katika mji wa Fray Bentos ulio kando ya mto, na baadaye West Nicholson, Rhodesia ya Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ikajenga Athi River.

Faida ya kiwanda cha aina hiyo iko katika kutotupa kitu. Nyama huchemshwa na kukatwa, hutiwa chumvi na kushindiliwa ndani ya mkebe. Supu iliyobaki hugeuzwa rojo. Mafuta huchujwa, ngozi hutiwa chumvi na kuuzwa, mifupa na damu hukaushwa na kusagwa kuwa chakula cha mifugo na mbolea. Mitambo ya namna hiyo haiwezi kukaa bure, kila siku lazima ilishwe. Na kama wafugaji hawataki kuuza kwa bei inayotolewa, mwenye kiwanda atamwendea mwenye serikali.

Serikali ilikuwa na hoja yake tayari. Maafisa waliitazama milima ya Machakos iliyoliwa na mmomonyoko, wakasema ng'ombe wa Wakamba, majirani wa Wamaasai, wamezidi ardhi. Mmomonyoko ulionekana kwa macho, ila maafisa hao hawakupenda kuzungumzia malisho ambayo Wakamba walikuwa wamenyang'anywa kabla ya hapo. Mwaka 1938 likaanza zoezi la kupunguza mifugo kwa nguvu. Ng'ombe walichukuliwa, wakanadiwa kwa bei duni, na Liebig ilikuwa miongoni mwa wanunuzi. Kiwanda kilikuwa kimepata chakula chake.

Wakamba walikataa. Wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu, wanaume, wanawake na watoto walifika Nairobi mwishoni mwa Julai 1938, wakapiga kambi Kariokor, wakasema hawaondoki mpaka Gavana Robert Brooke-Popham awasikilize. Walikaa wiki kadhaa. Muindi alikamatwa na kupelekwa kifungoni Lamu, lakini kabla mwaka haujakwisha serikali ilikuwa imeuacha mpango wa kulazimisha. Wakamba walikuwa wengi katika jeshi na polisi wa koloni, na hilo halikupuuzwa wakati harufu ya vita ilishaanza kusikika Ulaya. Leo Barabara ya Muindi Mbingu iko katikati ya Nairobi, na maelfu wanaopita hapo kila siku wanakanyaga jina la mtu aliyesimama kati ya kiwanda hiki na ng'ombe wa jirani zake. Kisa chake kinastahili kufundishwa hivyo, kwa kutaja kiwanda chenyewe, badala ya kuachwa kama habari ya maandamano tu.

Vita Kuu ya Pili ikaleta haja ya nyama ya wanajeshi, na mifugo ya hifadhi ikanunuliwa kwa amri. Kisha, mwaka 1950, ikaundwa KMC kwa sheria. Ikachukua mitambo ya Athi River na kupewa nafasi ya kipekee katika biashara ya nyama ya miji mikubwa. Huko pwani ilikuwa na kiwanda Kibarani, Mombasa. Nyama ya mkebe kutoka Athi River ikauzwa nje ya nchi, na KMC ikawa jina la nyumbani.

Kwa mfugaji wa Kajiado, KMC ilikuwa mnunuzi asiyeogopeka kama Liebig. Ng'ombe waliswagwa kwa miguu kupitia tambarare za Kitengela, mwendo wa polepole ili wasipungue uzito, wakipumzishwa njiani penye maji na majani. Anayeswaga ng'ombe wa kuchinjwa hawezi kuharakisha: mnyama aliyekimbizwa hufika amelegea, na nyama yake huwa nyeusi na kavu. Kwa hiyo nyasi za Kitengela zilikuwa sehemu ya kiwanda sawasawa na boila. Ukiliondoa lile eneo la kupumzishia, kiwanda kimepoteza mguu mmoja.

Kilichokiangusha kilikuwa mchanganyiko wa mambo, na uzito wa kila moja bado unabishaniwa. Bei ya nyama mijini ilipangwa na serikali kwa kumfikiria mlaji, hivyo KMC haikuweza kumlipa mfugaji vizuri. Wachinjaji binafsi walilipa taslimu, tena siku hiyohiyo. KMC ilichelewesha malipo, na kwa mtu aliyeuza ng'ombe ili alipe karo, hundi inayokuja baada ya miezi ni sawa na kutolipwa. Madeni yakarundikana mpaka milango ikafungwa. Akitoa hukumu, mwandishi wa tarehe hii angeweka ucheleweshaji wa malipo mbele ya yote, kwa sababu ndio uliomfunza mfugaji kupita kando ya lango la Athi River bila kusimama.

Alikwenda wapi? Dagoretti, na Kiserian, ambako machinjio ya Keekonyokie, yaliyoanzishwa na wafugaji wenyewe katika miaka ya 1980, yalikua mpaka yakawa miongoni mwa yanayolisha Nairobi. Baadaye machinjio hayo yalijenga mtambo wa kugeuza samadi na damu kuwa gesi ya kupikia. Ni busara ileile ya kutotupa kitu, safari hii ikiwa mikononi mwa wenye ng'ombe.

Wakati mitambo ya Athi River ikizimika, ardhi ya ng'ambo ya mto ilikuwa ikigawanywa. Ranchi ya kikundi ya Kitengela, yenye zaidi ya hekta 18,000 na familia zaidi ya 200, ilikatwa vipande mwaka 1988, kila mwanachama akapata hati yake. Miaka miwili baadaye ikapitishwa sheria ya maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje (EPZ), na eneo la namna hiyo likajengwa hapohapo Athi River. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo wakahitaji vyumba, na mwenye ekari karibu na lami akagundua kwamba ploti inalipa haraka kuliko ndama. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,167 mjini Kitengela. Ya 2019 ilihesabu 154,436. Ua na kuta zikasimama palipopita ng'ombe, nyumbu na pundamilia.

Rais Mwai Kibaki alipokifungua tena kiwanda mwezi Juni 2006, kwa hiyo, alikifungua katika nchi nyingine. Mitambo ilirudi kazini, njia za mifugo hazikurudi. Ukame wa 2009 ulionyesha tofauti hiyo waziwazi. Serikali iliamua kununua ng'ombe waliodhoofika kupitia KMC, wafugaji wakaleta malori kwa malori, na wanyama wengi wakafia nje ya lango wakingoja zamu. Hapakuwa tena na malisho ya kuwapumzishia. Mwaka 2020 KMC ikahamishiwa Wizara ya Ulinzi, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba jeshi ni mteja mkubwa wa nyama yake.

Huko Uruguay, kiwanda cha Fray Bentos kilifungwa mwaka 1979. Kikageuzwa makumbusho, mashine zikaachwa mahali pake, na mwaka 2015 UNESCO ikakiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Athi River haihitaji kuiga hilo, maana kiwanda bado kina kazi ya kufanya. Inachohitaji ni kuandikwa. Nusu ya karatasi zake, zile za maafisa wa mifugo na magavana, zinahifadhiwa katika Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, na yeyote anaweza kwenda kuomba faili. Nusu ya pili wanayo wazee wa Isinya, Bissil na Kajiado walioswaga ng'ombe kuja Athi River kabla ya ploti: wanajua wapi palikuwa na maji, bei ilikuwa ngapi na nani hakulipwa. Vyuo na shule za kaunti ya Kajiado zina vijana wanaojua Kimaasai na Kiswahili, na kila mmoja ana simu yenye kinasa sauti. Kazi hiyo inaweza kuanza likizo ijayo.