Shamba la Ukoo na Binti Aishiye Mjini

Wiki hii nimepokea barua ya msikilizaji mmoja, mzaliwa wa Nyantakara, wilayani Biharamulo, ambaye kwa miaka mingi anaishi na kufanya kazi mjini. Baba yake amefariki dunia. Baada ya arobaini, kaka zake wakamwambia: "Dada, wewe ni mtu wa mjini, tena ni mwanamke. Shamba ni la ukoo." Anauliza swali fupi: je, mtu kama mimi nina pa kushika?

Ndugu msikilizaji, ili kujibu swali hilo hatuna budi kurudi nyuma.

Pale Biharamulo mjini lipo boma walilojenga Wajerumani mwanzoni mwa karne iliyopita. Walipoondoka, Waingereza wakaweka utaratibu wa kutawala kupitia machifu. Chifu ndiye aliyekusanya kodi, na chifu huyohuyo ndiye aliyeketi barazani kuamua mashauri. Mwaka 1929 mabaraza hayo yakatengwa na Mahakama Kuu. Rufani zikawa zinapanda kwa wakuu wa utawala hadi kwa Gavana. Mwananchi aliyeonewa na mtawala akawa hana pa kulalamika ila kwa mtawala mwingine.

Kisha mila zikaanza kuandikwa. Mwaka 1945 Hans Cory na mwenzake Hartnoll walichapisha kitabu cha sheria za mila za Wahaya. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa huru, serikali ikatoa amri zilizokusanya sheria za mila kwa ajili ya nchi. Nia ilikuwa njema, kwani taifa changa lilitaka sheria inayofahamika na wote. Lakini mila ni kama mto: hutembea. Ukiiandika karatasini, inaganda. Na iliyoganda ilisema kwamba mwanamke aweza kurithi, lakini ardhi ya ukoo ataitumia tu maishani mwake, wala hana ruhusa ya kuiuza.

Mwaka huohuo wa 1963 uchifu ulifutwa na mahakama zote zikawekwa chini ya mfumo mmoja, kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Hata hivyo mlango ulibaki mwembamba. Mwaka 1968 lilipofika Mahakama Kuu shauri la wanawake wa Kihaya kuhusu ardhi ya ukoo, mahakama iliwaonea huruma, lakini ikasema kazi ya kubadili mila si yake. Huruma bila hukumu haijazi kibaba.

Ndipo akatokea Holaria Pastory wa wilaya ya Muleba. Baba yake alimwachia shamba kwa wosia. Tarehe 24 Agosti 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akakimbilia Mahakama ya Mwanzo Kashasha akidai kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama hiyo ikakubali, na Holaria akaamriwa arudishe fedha.

Angalieni lakini tarehe. Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, zikapewa muda wa miaka mitatu kabla ya mwananchi kuweza kuzidai mahakamani. Muda huo ulikwisha Machi 1988, miezi mitano tu kabla ya shamba kuuzwa. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikaitumia Katiba na kutengua uamuzi wa kwanza. Mpwa naye akakata rufani Mahakama Kuu, Mwanza. Enzi hizo safari hiyo kwa watu wa Kagera ilikuwa ni kulala melini usiku kucha.

Tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya alitoa hukumu: mila inayomnyima mwanamke uwezo alionao mwanamume inapingana na Katiba. Wanaukoo wakitaka ardhi yao wanaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake, na kanuni hiyo ni moja kwa mwanamume na mwanamke. Jaji aliongeza neno lililowachoma wengi. Alishangaa kwamba aliyeipigania haki hiyo ni mama mzee wa kijijini, si wasomi wa mjini waliozoea kupiga makelele ya ukombozi.

Neno hilo linatuhusu sisi wa mjini. Hukumu iliandikwa kwa Kiingereza. Mama wa Kashasha au wa Nyantakara angeijuaje, na nani amsomee?

Hapo ndipo inapoanza historia ya msaada wa kisheria. Mwishoni mwa miaka ya 60, walimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha kamati ya kuwasaidia wasio na uwezo. Wanawake wanasheria wakaunda chama chao, TAWLA, kilichosajiliwa mwaka 1990. Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake kikafuata mwaka 1994, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu mwaka 1995. Kazi ilikuwa njema, lakini ilianzia Dar es Salaam, na mashamba yako Biharamulo na Ngara.

Lipo pia funzo chungu. Wajane wawili wa Shinyanga walipinga kanuni hizohizo za mwaka 1963. Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba zina ubaguzi, lakini haikuzifuta. Mwaka 2010 rufani yao ikatupwa kwa kasoro ya hati. Ilibidi shauri lifike kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa, ambayo mwaka 2015 iliwapa haki na kuitaka serikali yetu irekebishe sheria. Haki ilikwama kwenye karatasi!

Ndiyo maana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ni jambo kubwa. Imewatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, wale wanaomwelekeza mwananchi taratibu na kumsaidia kupata hati zake. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama, na mawakili, waliokuwa wamezuiwa kwa miaka mingi, wakaruhusiwa kuingia Mahakama ya Mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi.

Basi dada wa Nyantakara, jibu langu ni hili. Pa kushika unapo. Katiba iko upande wako, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inapiga marufuku kumbagua mwanamke. Kwanza zungumza na kaka zako, kwa maana damu nzito kuliko maji. Wakikataa, tafuta msaidizi wa kisheria wilayani, nenda Mahakama ya Mwanzo kuhusu mirathi, na usipoteze karatasi hata moja. Ukishindwa, kumbuka una siku 30 tu za kukata rufani. Siku ya 31 imewaliza wengi waliokuwa na haki.

Nasi tulioko mjini tujiulize: shangazi zetu walioko nyumbani wanajua kwamba mwaka 1990 walishinda? Kama hawajui, likizo ijayo tusiwapelekee sukari na kanga peke yake. Tuwapelekee na habari hii.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.