Whitby: Bandari Iliyozaliwa na Shabu na Makaa ya Mawe

Mji wa Whitby uko kaskazini mashariki mwa Uingereza, mahali ambapo mto Esk unaingia Bahari ya Kaskazini kati ya majabali mawili marefu, na kwa karne nyingi aliyetaka kuufikia aliona heri kupanda chombo kuliko kupita nchi kavu, kwa kuwa nyuma yake imetanda nyika ya juu, yenye upepo mkali na udongo uliotota, ambayo mikokoteni iliivuka kwa taabu. Hali hiyo ndiyo iliyoamua karibu kila jambo lililofuata katika historia ya mji huo, na majengo yake ya kale hayaeleweki sawasawa pasipo kukumbuka kwamba yalijengwa na watu walioielekea bahari.

Jengo lililotangulia kupata sifa ni abasia, yaani makao ya watawa, ambayo mwaka 657 yaliwekwa juu ya jabali la mashariki chini ya uongozi wa mwanamke mwenye busara aliyeitwa Hild, aliyesimamia watawa wa kiume na wa kike kwa pamoja. Hapo ndipo, mwaka 664, Mfalme Oswiu wa Northumbria alipoitisha mkutano wa viongozi wa Kanisa ili kuamua kama Pasaka ihesabiwe kwa desturi ya watawa wa Ireland au kwa ile ya Roma, naye akaichagua Roma. Magofu yanayoonekana leo si ya zama za Hild, bali kwa sehemu kubwa ni ya karne ya 13, kwani makao ya kwanza yaliangamia katika zama za mashambulizi ya Wadenmaki, na yale yaliyojengwa upya yalifungwa na Mfalme Henry VIII mwaka 1539. Mnara wake wa kati uliendelea kuwaongoza mabaharia hadi ulipoanguka mwaka 1830.

Utajiri wa mji, hata hivyo, haukutoka kanisani. Ulitoka kwenye shabu, ile chumvi ya mawe meupe inayofahamika pia katika maduka ya dawa za asili ya Afrika Mashariki, ambayo wakati huo ilihitajika sana Ulaya kwa sababu ndiyo iliyoshikisha rangi katika nguo za sufu na kulainisha ngozi. Machimbo makuu yalikuwa mikononi mwa mapapa wa Roma, ambao wafalme wa Uingereza walikuwa wamefarakana nao; hivyo, mwanzoni mwa karne ya 17, ilipobainika kwamba miamba laini ya pwani hiyo inaweza kutoa shabu, kazi ilianza kwa nguvu. Miamba ilibomolewa kwa sururu, ikarundikwa juu ya kuni na kuachwa iungue polepole kwa miezi mingi, kisha ikalowekwa katika mashimo ya maji. Maji hayo yakachemshwa katika masufuria makubwa ya risasi na kutiwa mkojo wa binadamu uliochacha, ili shabu igande na kujitenga. Makaa ya mawe ya kuchemshia yalitoka eneo la Newcastle, na mkojo uliletwa kwa mapipa hata kutoka London, mambo ambayo yasingewezekana bila vyombo vingi vya baharini, na ndivyo mafundi wa Whitby walivyobobea katika kuunda merikebu.

Merikebu hizo za makaa zilikuwa pana, zenye tumbo bapa, hazina madaha wala mwendo wa kasi, lakini zilibeba shehena kubwa na ziliweza kupwelewa ufukweni maji yanapokupwa, zikapakuliwa, kisha zikaelea tena maji yanapojaa bila kuvunjika. Ndizo zilizomfunza kazi James Cook, aliyekuja Whitby mwaka 1746 akiwa mwanafunzi wa John Walker, mwenye meli wa dhehebu la Marafiki, dhehebu ambalo leo lina waumini wengi magharibi mwa Kenya. Nyumba ya Walker, iliyopo Grape Lane, sasa ni makumbusho. Mwaka 1768 Jeshi la Wanamaji lilipotafuta chombo cha kumpeleka Cook katika Bahari ya Pasifiki, lilinunua merikebu ya makaa iliyoundwa Whitby mwaka 1764, likaiita Endeavour. Mwezi Juni 1770 merikebu hiyo ilipanda mwamba wa matumbawe mbele ya pwani ya Australia, ikatoboka. Ilipovutwa mtoni na kupwelezwa ili ikarabatiwe, ilionekana kwamba bonge la tumbawe lilikuwa limekatikia katika tundu na kuliziba, na bonge hilo, pamoja na ubapa wa tumbo la chombo, vilichangia kuokoa maisha ya mabaharia. Merikebu nyingine za safari zake, Resolution, Adventure na Discovery, nazo ziliundwa Whitby.

Kuanzia mwaka 1753 hadi miaka ya 1830 mji uliwinda pia nyangumi katika bahari za barafu, na nahodha wake mashuhuri, William Scoresby, ndiye aliyebuni pipa la kufungwa juu ya mlingoti ili mlinzi ajikinge na baridi. Reli iliyofunguliwa mwaka 1836 ilimaliza upweke wa mji kwa upande wa bara na hatimaye ikaleta watalii. Miongoni mwa wageni wa mwaka 1890 alikuwamo Bram Stoker, ambaye riwaya yake Dracula ya mwaka 1897 imezipa umaarufu zile ngazi 199 za kupandia Kanisa la Mtakatifu Maria, umaarufu unaowafunika isivyo haki watu waliozitumia kubebea majeneza ya wafu wao.

Bahari nayo iliwachukua watu wengi wa mji huo. Katika dhoruba ya Februari 1861 boti ya uokoaji ya Whitby ilitoka mara kwa mara kuokoa vyombo vilivyokwama, mwishowe ikapinduka, na kati ya wanaume 13 aliyepona ni Henry Freeman peke yake, aliyekuwa amevaa jaketi la kuelea lililotengenezwa kwa gome jepesi la mti. Mwezi Oktoba 1914 meli ya hospitali iitwayo Rohilla iligonga mwamba karibu na mji, na boti za makasia zikashindwa kuwafikia wote waliokuwamo. Watu 85 walikufa, na 50 wa mwisho waliokolewa na boti ya injini iliyotoka Tynemouth, zaidi ya kilomita 60 kaskazini. Pamoja na ushahidi huo wa manufaa ya injini, Whitby iliendelea kuwa na boti ya makasia hadi mwaka 1957, nayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya aina hiyo katika huduma ya uokoaji ya Uingereza.